Tanuri Lililopungukiwa Vitabu Saba

Niliacha kazi mwaka huu kwa sababu ya goti la kulia. Wengine watawaambia niliacha kwa hekima, kwamba mzee alijua wakati wake umefika. Si kweli. Goti ndilo lililojua. Mimi bado ningekuwa karakanani, kichwa kimezama ndani ya jiko la mtu, nikiitukana bolti kwa maneno ambayo msomaji wa masomo kanisani hapaswi kuyajua.

Ninyi vijana wa karakana mmesema niwaandikie miaka yangu ya kazi. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, cha kushika ufunguo wa stoo, na stoo yenyewe ilikuwa na dirisha lisilofungika. Nitawaandikia niliyofundishwa, na kosa moja. Nimegundua kwamba niliyoyafanya vizuri hakuna anayeyakumbuka, bali kosa hili linasimuliwa mjini Koboko mpaka leo, nami napewa chai kila nikipita huko. Mungu ana njia zake za kuwalisha watumishi.

Nilitoka kijijini Ajia nikiwa kijana na shati moja, nikaja mjini Arua kwa Mzee Ondoma, fundi wa majiko makubwa ya kuni: majiko ya shule, matanuri ya mikate, na mabomba ya moto ya mabanda ya kukaushia tumbaku. Siku ya kwanza alinipa brashi ya waya na mlango wa jiko uliojaa kutu. Akasema, "Sugua." Jioni akaniuliza, "Umeona nini?" Nikasema, "Kutu, Mzee." Akasema, "Kesho sugua tena." Siku ya nne niliona ufa, mwembamba kama unywele, ukikimbia kutoka kwenye bawaba hadi pembeni. Nikamwita. Akatazama, akaguna. "Sasa umeanza kazi," akasema. Siku tatu za kwanza hakuzihesabu.

Mzee Ondoma alinifundisha kwamba chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa, ni kama kwaya ya kanisa: kikichoka hakipindi, kinapasuka vipande viwili. Kwa hiyo usikigombeze. Bolti ikigoma, ipashe moto mpaka iwe nyekundu, kisha igusishe mshumaa. Nta itanyonywa ndani ya nyuzi, subiri kidogo, halafu zungusha spana bila hasira. Kwa kufunga maungio alitumia udongo wa kichuguu uliochekechwa, majivu na chumvi kiasi, ukandwe mpaka usishike vidole. Mimi nilikanda udongo huo miaka mingi kuliko nilivyoomba, na mara nyingi niliomba nikiwa nakanda, kwa hiyo sijui Bwana atahesabu vipi.

Alinifundisha pia kuandika majina. Tanuri kuukuu likifunguliwa, kila kipande hupewa alama ili kirudi pahali pake. Fundi mwingine angeandika namba. Lakini matanuri yetu yalikuwa yamekwisha kufunguliwa mara mbili tatu na watu wengine, na kila mmoja alikuwa ameacha namba zake. Utakuta bamba moja lina saba, ishirini na mbili na herufi C, na wote walioandika wamekufa. Kwa hiyo Mzee Ondoma, ambaye alikuwa katekista wa kanisa letu kabla ya kuwa fundi, aliandika majina ya vitabu vya Biblia kwa rangi nyeupe, kwa Kiswahili, maana karakana ilikuwa na watu wa lugha nne. Bamba la juu kabisa ni Mwanzo, linalofuata Kutoka, na kuendelea chini. Milango ikawa Injili, kwa sababu kawaida ni minne. "Namba inasahaulika," alisema, "lakini nani anasahau kwamba Ruthu iko nyuma ya Waamuzi?"

Desturi hiyo nilirithi, na kwa miaka mingi haikunidanganya hata mara moja. Lazima niseme pia kwamba kwa miaka hiyo yote nilifanya kazi na watu wa kanisa langu tu.

Sasa nije kwa Hajati Rukia. Alikuwa mjane wa Koboko, mwoka mikate, mama mwenye mikono mifupi na sauti ya sajini. Marehemu mume wake alikuwa mwanajeshi, na nadhani amri zilikuwa zinatoka nyumbani. Alisikia kwamba mwoka mikate mmoja wa Mvara, mtaa wa Arua, ameacha kazi na ana tanuri la chuma, kubwa, la kuni, lenye vyumba viwili vya kuokea. Akalinunua bila kuliona, kisha akaja karakanani kututafuta sisi tulihamishe, tulitengeneze na kulisimamisha nyuma ya nyumba yake.

"Mzee Candia," aliniambia, "mimi sitaki tanuri nzuri. Nataka tanuri inawaka mbele ya Ramadhani."

Nikamwuliza haraka ni ya nini. Akaeleza. Ndugu za marehemu walikuwa wanautaka ule ua wa nyuma wajenge vibanda vya maduka. Walisema ua umekaa bure. Mkubwa wao, Sebi, alikubali mbele ya wazee wa ukoo kwamba kama Hajati ataweka kazi katika ua ule, utabaki wake. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama na ua bado mtupu, matofali yanaingia. Hajati alikuwa amekwisha bomoa tanuri lake dogo la udongo ili kupata nafasi. Kwa hiyo hakuwa na tanuri kuukuu wala jipya. Alikuwa na shimo, na shemeji.

Wakati ule nilikuwa nafanya kazi na Kizito, fundi hodari, mtaratibu, na Mkatoliki wa kupindukia. Tulianza kulifungua tanuri kule Mvara. Mimi nilianza kwa Mwanzo, siku ya kwanza nikafika Waamuzi, ya pili nikaandika Ruthu. Mchana ule nikaletewa habari kwamba shangazi yangu amefariki Ajia. Mimi ndiye niliyekuwa wa kuongoza ibada, kwa hiyo nikanawa mikono.

"Kizito," nikasema, "endelea tu na mpangilio wa Biblia."

"Hakuna shida, Mzee," akasema. "Poleni sana."

Siku tatu baadaye nikiwa bado Ajia alinipigia simu. Amemaliza, amekusanya vyote chini ya turubai uani, na anaondoka kwenda Yumbe kwenye jiko la shule.

"Umefika wapi?" nikamwuliza.

"Malaki. Bamba la chini kabisa ni Malaki. Agano la Kale limekwisha sawasawa, hakuna kipande kilichozidi."

Nilimshukuru Mungu kwa ulinganifu huo. Niliusimulia hata matangani, na watu walisema amina. Ningefanya vizuri zaidi kutilia shaka.

Siku ya kupakia nilikaa kwenye kiti mbele ya lori nikiwa na miwani na karatasi. Nilikuwa nimeandika vitabu thelathini na tisa kwa kichwa, bila kufungua Biblia, na sikatai kwamba nilijisikia vizuri. Ninasoma jina kwa sauti, wapakiaji wanatafuta, wananyanyua, wanapandisha kwa magogo ya mkaratusi na mtaimbo. Mkubwa wao aliitwa Toko, mtu mzima mwenye shingo kama kinu. Nikasoma mpaka Malaki. Vyote vimepanda. Nikaita Injili nne, zikapanda. Nikakunja karatasi.

Toko akasema, "Mzee, iko zingine hapa chini ya turubai."

"Zimeandikwa?"

"Imeandikwa. Lakini si ile umesoma."

Ua ule ulikuwa umejaa vyuma vya kila aina, vya baiskeli, vya vitanda, hata mguu wa cherehani. Sikuinuka. Goti lilikuwa linauma, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu.

"Kama haiko kwenye orodha si yetu," nikasema. "Achana nayo."

Toko akanitazama kidogo, akanawa mikono kwa mchanga, tukaondoka kwenda Koboko.

Tulifika Jumatatu. Mwezi ungeweza kuandama Ijumaa jioni. Sebi tulimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki na chupa ya chai, kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, mwenye kanzu safi mno kwa kazi yoyote niijuayo.

"Karibuni, mafundi," akasema. "Hiyo takataka mtaweka wapi?"

"Hapo unakaa," Hajati akamjibu. "Sogea, shemeji."

Jumanne tulianza kusimamisha. Tanuri husimama kinyume cha linavyofunguliwa, kwa hiyo nilianza na Malaki kwenye sakafu ya matofali, nikapanda: Zekaria, Hagai, Sefania. Manabii wadogo walikaa kama watoto wa shule ya Jumapili. Danieli akakaa. Ezekieli akakaa. Nikaweka Maombolezo juu ya Ezekieli, na matundu ya bolti hayakukutana na ya fremu. Palibaki uwazi ubavuni wa kupitisha kiganja.

Nikasema bamba limepinda. Nawakumbusha niliyowaambia juu ya chuma cha kusubu, kwamba hakipindi. Mimi nilijua hivyo miaka mingi, na siku ile nilisema limepinda, mbele ya mashahidi. Nikaleta jeki. Nikalaumu lori. Nikalaumu barabara, ambayo ni ya lami na haina kosa. Nikamlaumu aliyelisubu tanuri, Mungu amrehemu. Nikafunga Yeremia na Isaya kwa bolti mbili mbili, nikiwaambia watu kwamba yatajivuta yenyewe kwa joto. Juu ya Isaya, Wimbo Ulio Bora ulikataa kabisa. Pale palibaki nafasi ya mabamba mawili.

Sebi alimimina chai. "Fundi," akasema, "hii tanuri iko na madirisha?"

Hajati hakucheka. Alizunguka tanuri mara moja, ameshika kiuno. Akaniuliza kwa sauti ya chini, na nilipendelea ile ya sajini, "Mzee Candia, nimebomoa tanuri yangu kwa mkono yangu. Wewe niambie ukweli. Hii kitu itawaka?"

Nikamwambia sijui. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusema jambo la kweli.

Jumatano asubuhi nilisali, kisha nikaacha kusali nikaanza kuhesabu, jambo ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Nilihesabu matundu ya bolti kwenye fremu na kuyagawa kwa manne. Arobaini na sita. Mabamba niliyokuwa nayo ni thelathini na tisa. Nikatazama yale mapengo. Moja liko kati ya Ezekieli na Maombolezo. Mawili yako baada ya Isaya. Nikapanga mengine chini kwenye nyasi, nikayapima na matundu ya fremu, nikaona mawili yanakosekana kati ya Ayubu na Esta, na mawili kati ya Esta na Nehemia. Nikakaa juu ya gogo. Nilisoma chuo cha Biblia miaka miwili, na hapo nilikumbuka kila kitu nilichofundishwa kwa haraka na mwalimu aliyetaka kuvuka sura ya idadi ya vitabu.

Nikampigia simu Kizito kule Yumbe.

"Kizito. Baada ya Nehemia uliandika nini?"

"Tobiti."

Nikakunja kidole kimoja.

"Halafu?"

"Yudithi, halafu Esta, halafu Makabayo wawili. Mzee, wewe ni mtu wa kanisa, unaniuliza mimi?"

"Na Hekima uliandika. Na Sira. Na Baruku."

"Sasa ningeacha? Uliniambia mpangilio wa Biblia." Kisha sauti yake ikashuka. "Mzee. Usiniambie hukuyapakia."

"Yalibaki Mvara."

Nilisikia anavuta pumzi. "Mzee Candia," akasema, "mara ya kwanza mliyatoa kwenye kitabu. Sasa mmeyatoa na kwenye lori?"

Wanatheolojia wakubwa kuliko mimi hawajawahi kulijibu swali hilo.

Nikaenda kumweleza Hajati, na Sebi alikuwepo, amekwisha kusogeza kiti karibu. Ilinibidi nieleze. Nikasema Wakristo wote wana Agano la Kale, lakini wenzetu Wakatoliki wana vitabu saba ambavyo sisi hatuna, na kwamba mwenzangu alifungua tanuri kwa Biblia yake, mimi nikalipakia kwa yangu.

Hajati akanikazia macho. "Hiyo saba, nyinyi mlitoa kwa sababu gani?"

"Ni habari ndefu, Hajati."

"Iko na makosa?"

"Hapana. Ni vizuri kusoma."

"Sasa mlitoa ya nini?"

Sebi alikuwa ameshika tumbo. "Wacha, Rukia," akasema akifuta machozi. "Hata chuma yao iko na madhehebu!"

Hajati ndipo alipocheka, kicheko kimoja kikavu, akakikata. "Leteni hiyo saba," akasema. "Mtagombana baadaye."

Kizito, Mungu ambariki, aliacha jiko la shule, akashuka Arua siku ileile, akaingia Mvara. Alikuta sita. La saba, Baruku, mlinzi wa ule ua alikuwa amewauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, na alipoulizwa kwa nini hilo, alisema lilikuwa dogo kuliko mengine, alidhani halitakosekana. Kizito alifika Koboko Alhamisi asubuhi, mabamba sita nyuma ya gari la kukodi, na uso wa mtu aliyewaleta wafia dini nyumbani. Alinisalimia kwa heshima kamili, jambo lililokuwa baya kuliko lawama.

Tukagawana. Yeye akafungua mabamba niliyoyalazimisha na kuanza upya, mimi nikatafuta Baruku mpya. Sokoni Koboko nilipata kitako cha mashine kuukuu ya kusaga, chuma kinene. Nilikata umbo kwenye boksi la karatasi kwanza, nikalijaribu penye pengo, nikalipunguza, nikalijaribu tena, ndipo nikakata chuma. Na hili mlishike: chuma cha kawaida kikipata moto hutanuka kuliko cha kusubu, kwa hiyo toboa tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, lipate pa kupumulia. Ukilibana sawasawa, litawapasua majirani zake.

Jioni tanuri lilikuwa limesimama mpaka Mwanzo. Udongo wa maungio unahitaji siku tatu za moto mdogo ili ukauke bila kupasuka. Sisi tulikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja. Kizito alilisha vijiti vidogo vidogo mpaka alfajiri, akisema rozari, punje moja kijiti kimoja, na sikumbuki kuona kipimo cha moto kilicho sahihi zaidi ya kile.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, Sebi alirudi kutoka msikitini na watu wawili wa ukoo. Akasema wamekuja kuona kama tanuri linafanya kazi kweli, maana kutoa moshi hata nyumba inayoungua inatoa.

Nikamwambia kuna jaribio. Ukiwasha moto mkubwa, pitisha mshumaa kwenye maungio. Pakiwa pazima, mwali unasimama. Penye tundu, mwali unavutwa ndani.

"Leta mshumaa," Sebi akasema. "Nitashika mimi. Nyinyi kaeni pembeni, msiupulize."

Kizito akatia magogo. Bomba la moshi likaanza kunguruma. Na yule mtu, ndani ya kanzu nyeupe ya Ijumaa, akapiga magoti kwenye majivu na kuanza na Malaki. Alikwenda polepole, ulimi nje kidogo, akisoma kila jina kwa sauti, kwa sababu hakuniamini kwamba sijaruka bamba. Hosea. Danieli. Kwenye bamba lisilo na jina, lile jipya, mwali ulisimama wima. Akasimama, akaendelea: Sira, Hekima. Hajati alikuwa ameshika trei ya mikate iliyoumuka, hakuiweka chini.

Kwenye Ruthu mwali ukalala.

"Hapa!" Sebi akapiga kelele. "Inavuta hapa!"

Kati ya mabamba arobaini na sita, lililovuja ni lile nililoandika mwenyewe kabla ya kwenda mazikoni. Kizito akatazama angani. Nilichukua udongo, lakini goti lilikataa kupanda ngazi, na Kizito alikuwa kwenye moto.

"Wewe unasimama tu?" Sebi akaniambia. "Tundu inavuta! Leta hapa." Akaninyang'anya udongo, akapanda, akaujaza kwa dole gumba, akalamba kidole na kuulainisha, akaomba mshumaa tena. Ukalala. Akaongeza. Ukasimama. Akaendelea mpaka Mwanzo, kisha, bila kuambiwa na mtu, akarudia lote tangu chini. Wale wawili wa ukoo walimwita waondoke, akawafukuza kwa mkono.

Mikate ilitoka kabla ya alasiri. Trei ya kwanza iliungua upande wa kushoto, ya pili ilitoka rangi ya asali. Watu walianza kuchungulia uani kwa harufu. Sebi, majivu mpaka kwenye kofia, alikuwa amesimama mlangoni akiwaeleza: hapa ndipo moto unaingia, hapa ndipo unapozunguka, hapa palikuwa panavuja lakini tumepaziba.

"Njooni muone," akasema, "hii ndiyo tanuri yetu."

Hajati aligeuka, mkate mkononi, moshi mtamu ukiutoka.

"Ya nani?"

Sebi akautazama mkate, akautazama ua, akawatazama wale wawili wa ukoo.

"Yako, shemeji."

"Na ua?"

"Na ua."

Hajati akampa mkate. Sebi akaumega, akautia mdomoni ukiwa wa moto, akawa anauhamisha huku na huku kwenye mashavu.

"Sema tena," Hajati akamwambia. "Mafundi hawakusikia."

Akasema tena, mdomo umejaa, na kila mtu alielewa.